Solenoidi Ndani ya Karai la Priscah

Ukiingia yadi ya mafundi wa jua kali pale Ndhiwa utakutana kwanza na bati la buluu lenye amri moja kwa herufi nyekundu: USIGUSE KAZI YA MWENZAKO. Musa alishuka mlimani na amri kumi. Mafundi wa Ndhiwa walianza na nia hiyo hiyo, lakini rangi iliisha. Hata hivyo, hiyo moja waliyobahatika kuiandika wanaishika kuliko wengi wetu tunavyozishika zile kumi. Fundi wa breki hagusi injini. Fundi wa injini hagusi waya. Fundi wa waya hagusi giaboksi hata ikimwangukia mguuni. Atapiga mayowe mpaka mwenyewe aje aiinue. Kulikuwa na bwana mmoja wa radieta aliyethubutu kukaza nati ya klachi ya watu. Siku hizi anachaji simu huko Sindo, na ukimuuliza habari za magari anabadilisha mazungumzo.

Mellen ni fundi wa waya. Alizaliwa upande wa Isebania, kwa Wakuria, na ingawa ameolewa hapa miaka ishirini na miwili, bado anaitwa Nyar Kuria, binti wa Kuria, kana kwamba alishuka kwenye basi jana. Umeme hakuusomea. Aliujua kanisani, akiwa msichana wa kwaya, pale vipaza sauti vilipokufa katikati ya sabato ya wageni na wanaume wote wakaanza kuviombea. Yeye akavifungua kwa kisu cha mkate, akaunganisha waya kwa karatasi ya fedha kutoka pakiti ya sigara. Mpaka leo hakuna muumini anayekubali kwamba pakiti ile ilitoka mfukoni mwake.

Yadi haikumpokea kwa maandazi. Miaka mitatu alifanyia kazi nje ya ua, kwenye baraza ya posho mili, kinu cha kusagia unga, akitengeneza taa na honi za wale walioona haya kumpeleka mwanamke gari zima. Kisha mashine ya kuchomelea ya Omanga, mwenyekiti wa yadi, ikanyamaza. Wanaume watatu waliikagua wakaitangaza marehemu. Mellen akainama dakika kumi, akatoa waya uliotafunwa na panya. Omanga, mtu asiye na nyusi tangu ajue kuchomelea, hakutoa hotuba. Alimpa nguzo moja, mabati mawili ya paa, na misumari saba ya kutundika vifaa. Mellen ameshikilia misumari hiyo miaka kumi na minne. Ndiyo ofisi yake, na ndiyo sababu watu wa Ndhiwa wakisema “fundi” hawaongezi tena “lakini ni mwanamke”.

Misumari hiyo ndiyo aliyokaribia kuipoteza siku ya Noah ya Bashir.

Bashir anauza nguo na mapazia. Wazazi wake walitoka Isiolo, lakini yeye anazungumza Dholuo cha kumfanya mama mkwe wa mtu aone aibu. Gari lake, Noah ya gia za kujibadilisha zenyewe, hubeba marobota kwenda masoko ya Magunga na Sindo. Kwa mwezi mzima gari hilo lilikuwa na tabia ya mwanasiasa. Asubuhi lilikuwa jepesi, lenye ahadi, likibadilisha gia kama linanong'ona. Likipata jua, mzigo na mlima, linasahau kila kitu: taa ya gia inaanza kupepesa, gia inakwama kwenye tatu, na ukisimama ukataka kuondoka tena linajikokota kama ng'ombe aliyeamshwa kabla ya saa yake. Ukilizima likapumzika kama nusu saa, linaamka zima, halikumbuki lolote.

Bashir alilipeleka kwa Oliver, fundi wa giaboksi. Oliver huvaa koti jeupe na ana kompyuta mpakato, kwa hiyo wanamwita Daktari. Ni mtu safi, mpole, hodari wa kupima. Tatizo lake ni kwamba wagonjwa wake wote hupata ugonjwa mmoja: giaboksi imechoka. Nyuma ya kibanda chake kuna rundo la giaboksi zilizochoka. Watoto hulipanda kama kilima, na yadi nzima huliita makaburini.

Ile kompyuta ilipochomekwa ilitaja solenoidi. Hiki ni kidude cha ukubwa wa kidole gumba, kimelala ndani ya giaboksi ndani ya mafuta. Umeme ukikifikia, kinavuta sindano, sindano inafungua njia ya mafuta, na gia inabadilika. Kwa hiyo kina waya, lakini kimezikwa ndani ya giaboksi. Ni mtoto wa nani? Kwa sheria ya bati la buluu, si wa mtu yeyote. Oliver akafanya uungwana: akamwita Mellen apime kwa nje, kwenye ile soketi ya waya inayotokea ubavuni mwa giaboksi. Mellen akaja na mita yake saa moja asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Kidude kama hicho kikiwa kizima husoma kati ya ohm kumi na moja na kumi na tano. Mle ndani vilikuwa viwili. Cha kwanza kilisoma kumi na tatu. Cha pili kumi na tatu. Akasema mbele ya watu wote kwamba ni vizima. Basi, kama umeme ni mzima, kilichobaki ni giaboksi kuchoka. Oliver akaagiza nyingine, iliyotumika, kutoka Kisii.

Wiki moja baadaye, Jumamosi, Mellen alikuwa kanisani. Kikuza sauti cha kwaya kilikata katikati ya wimbo wa tatu, kama kawaida yake, na kama kawaida yake kikapona wakati wa mahubiri. Mume wake, mwalimu wa kwaya, anaamini shetani hapendi sauti ya tatu. Mellen aliweka mkono juu ya kile kikuza sauti akaona kinaunguza. Alirudisha mkono pale mara kwa mara, na mhubiri alipofika kwa Yona kilikuwa kimepoa na kimepona. Kumbe ugonjwa mwingine huja na joto na kuondoka nalo. Na Noah alikuwa ameipima ikiwa baridi kama mtungi.

Mahubiri hayakumfikia tena. Alijua amesema uongo mbele ya yadi nzima bila kukusudia, na uongo huo ulikuwa unakuja kutoka Kisii juu ya pikapu.

Jumatatu asubuhi Noah ilikuwa tayari imepandishwa juu ya mawe na Oliver alikuwa anapanga spana zake kwa ukubwa. Mellen alimwambia kwa upole kwamba anataka kupima tena. Oliver, naye kwa upole, akamkumbusha alivyosema. Mellen akasema alikosea. Neno hilo halisikiki sana kwenye yadi ile. Watu wawili waliacha kupiga nyundo. Oliver akamuuliza ni lini alikosea, wiki ile au sasa, kwa sababu mwenye gari angependa kujua ni Mellen yupi anayemsikiliza. Watu wakacheka. Bashir hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya robota akiangalia gari lake kama mtu aliyeambiwa figo yake itatolewa kwa kura.

Kupima tena kwa nje kusingesaidia; gari lilikuwa baridi, na Oliver alikuwa ameshatoa betri. Ilibidi kidude kitolewe, yaani Mellen aweke mkono ndani ya giaboksi. Omanga akaitwa. Alikuja na miwani ya kuchomelea kwenye paji la uso, akasikiliza pande zote mbili, akalitazama bati la buluu kwa muda mrefu kuliko maneno manne yanavyohitaji.

“Pikapu ikifika kutoka Kisii, Oliver anaanza kazi yake,” alisema. “Kabla ya hapo, Nyar Kuria, fungua. Ukitoa ugonjwa tuuone sisi wote, unabaki. Ukikosa, umegusa kazi ya mwenzako bure, na sheria unaijua.”

“Naijua, jaduong',” Mellen akasema, akimwita mzee kwa Dholuo.

Kabla hajalala chini ya gari, alikwenda kwenye nguzo yake akatundua vifaa vyake, msumari mmoja baada ya mwingine, akavifunga ndani ya sanduku. Kama angeondoka, hakutaka kufungashiwa na mtu. Oliver alimwona, akarudi kupanga spana zake.

Alifungua sinia la chini la giaboksi, mafuta yakamwagika kwenye beseni. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuyachovya kidole na kuyanusa. Yalikuwa bado mekundu, hayana harufu ya kuungua. Giaboksi iliyochoka kweli hutoa mafuta meusi yanayonuka kama mkate uliosahauliwa kwenye moto. Alimwinulia Oliver kidole. Oliver akasema hata marehemu wengine hufa wakiwa na ngozi nzuri.

Solenoidi zilitoka, mbili. Akazifuta kwa kitambaa, akazipima mbele ya watu. Kumi na tatu. Kumi na tatu.

“Mgonjwa amepona tena,” Oliver akaiambia yadi.

Simu ya Bashir ikalia. Dereva wa pikapu alikuwa ameshapita Rongo.

Sasa Mellen alihitaji joto, na si joto la kubahatisha. Moto wa kuchomelea ungeyeyusha kidude kabla hakijasema lolote. Maji yangeingia kwenye waya na kudanganya mita. Alichotaka ni mafuta, yenye joto lile lile la giaboksi inayopanda mlima na marobota mgongoni. Na mafuta ya moto, Ndhiwa nzima inajua yako wapi: ng'ambo ya barabara, kwenye karai la Priscah, anayekaanga samaki, mbuta na ngege, tangu kabla yadi haijawa na ua.

Priscah alikataa. Alikuwa na foleni ya watu wanane, na mafuta yale yalikuwa mapya. Alimweleza Mellen kwamba wanawake wa soko hili wamemsingizia kila kitu, hata kwamba samaki wake wanatoka kwenye friji, na kwamba wakisikia amekaanga giaboksi hatauza tena mpaka afe. Mellen hakubishana. Alimwambia tu kwamba pikapu ikifika, yeye hana kazi. Priscah akaendelea kugeuza samaki. Akageuza wa tatu, wa nne. Kisha akainama chini ya meza akatoa karai kuukuu na mtungi wa mafuta ya juzi, yale meusi aliyokuwa anangoja kumwaga.

“Unataka yawe moto namna gani, Min Caren?” akauliza, akimwita Mellen kwa jina la mtoto wake.

Mellen alijaribu kutaja digrii. Priscah akamtazama kama anayeongea Kichina.

“Ukitupia unga ukacheza, hapo samaki anaiva,” Priscah akasema. “Unataka kabla ya hapo?”

“Kabla. Tone la maji likianza tu kulalamika.”

“Basi kaa hapo usinisumbue.”

Yadi nzima ilivuka barabara. Foleni ya samaki ikasahau samaki. Mellen alibana ncha za waya wa mita kwenye solenoidi ya kwanza, akaitumbukiza ikining'inia kwenye kishikio cha waya, na watu wakasogea kuangalia namba. Kumi na tatu. Kumi na nne. Kumi na tano. Mtu mmoja akasema imeanza kuharibika, na Mellen akaeleza kwamba hapana, shaba ikipata joto namba hupanda kidogo kidogo, hiyo ni afya. Priscah alinyunyiza tone la maji. Likatoa sauti ndogo, kama mtu anayesonya kwa adabu. Mita ikasimama kumi na sita. Nzima.

Akaichomoa, akabana ya pili. Kumi na tatu, kumi na nne. Hakuthubutu kubadilisha mkono kwenye kile kishikio. Kumi na tano. Kumi na sita. Namba ikakaa. Priscah akanyunyiza maji, yakasonya. Kumi na sita, imetulia kama askofu.

Hapo ndipo pikapu ilipokata kona ya soko. Giaboksi ya Kisii ilikuwa nyuma, imefungwa kwa kamba na kufunikwa shuka la maua, kama bibi harusi. Dereva alipiga honi mara mbili, akashangaa kukuta yadi tupu na umati kwenye samaki.

Oliver akakunja mikono ya koti lake. Hakufurahi, ningependa kusema alifurahi, hadithi ingekwenda mbio zaidi, lakini alionekana kama mtu anayetaka tu jambo liishe. Akamwambia Omanga kwamba wameona. Omanga akashusha miwani kwenye pua, akaipandisha tena. Bashir akauliza kwa sauti ndogo kama sasa ni ndiyo au hapana.

Mellen hakuinua kidude. Alikuwa anafikiria ule mwinuko wa njia ya Magunga, ambao kila mgombea ameuahidi lami na kila mgombea ameupanda kwa gari la kazi ya serikali. Noah haikwami mwanzo wa mlima. Inakwama karibu na kileleni, baada ya dakika nyingi za kuhema. Tone la maji linalosonya ni mwanzo wa mlima tu.

“Priscah,” akasema, “ongeza kuni moja.”

“Pikapu imefika, Nyar Kuria,” Omanga akasema.

“Imefika, jaduong'. Lakini haijashushwa.”

Omanga akaitazama pikapu. Kamba zilikuwa nyingi. Dereva wa Kisii, Mungu ambariki, alikuwa amezifunga kama mtu asiyeiamini barabara. Mwenyekiti akasema, bila kumtazama mtu, kwamba anayefungua kamba asikimbilie kuzikata, kamba ni mali. Wale wanaojua kusikia walisikia: dakika kadhaa zilikuwa zimetolewa.

Priscah akasukuma kuni. Mafuta yakaanza kutetemeka pembeni mwa karai. Kumi na sita. Oliver alikuwa amekaribia mpaka koti lake jeupe likaguswa na moshi. Nusu ikaongezeka. Mellen akaomba yapande kidogo tu, kidogo tu. Priscah akamwambia akae kimya, mafuta hayaitikii kelele. Kamba ya kwanza ikaanguka chini kule barabarani. Ya pili. Kumi na saba kasoro.

Halafu namba ikapotea.

Haikushuka wala kupanda. Kioo cha mita kilibaki na kale kamstari ka upande wa kushoto kanachomaanisha njia imekatika, hakuna kinachopita. Mtu mmoja nyuma akauliza kama betri ya mita imekufa, na hilo ndilo Mellen alilokuwa analiogopa.

Akamnyoshea Oliver kishikio.

“Daktari, shika wewe.”

Oliver alishika. Akaiinua solenoidi juu ya mafuta, akangoja ipoe. Umati ulingoja pamoja naye, na samaki mmoja wa Priscah akaungua bila kuliliwa. Baada ya dakika mbili hivi namba ikarudi yenyewe: kumi na sita. Akaitumbukiza. Ikapotea. Akaiinua, ikarudi. Alifanya hivyo mara tatu, na kila mara uso wake ulizidi kuwa wa mtu anayesoma barua ya zamani aliyoiandika mwenyewe.

“Ndani kuna uzi umekatika,” akasema hatimaye, kwa watu wote. “Ukiwa baridi unagusana. Ukipata joto unaachana.”

Ilibaki kuonyeshwa barabarani. Solenoidi ya badala ilikuwepo juu ya pikapu, ndani ya tumbo la bibi harusi wa Kisii. Oliver mwenyewe aliifungua, akaitoa, na bila kuambiwa na mtu akavuka nayo barabara kwenda kwa Priscah. Priscah alimuuliza kama hii ni ya kukaanga kavu au ya mchuzi. Ilikaa ndani ya karai mpaka unga ukacheza, na namba yake haikutoka mahali pake.

Wakaifunga mahali pake, wakarudisha mafuta na betri, na alasiri Noah ilipanda mlima wa Magunga na marobota yote, na mafundi sita juu yake kwa sababu Omanga alitaka mlima uheshimiwe. Bashir aliendesha. Mellen alikaa nyuma yake, macho kwenye ile taa ya gia, na sanduku lake la vifaa, bado limefungwa, likiwa mapajani. Wakakaribia pale gari lilipozoea kukwama. Injini ikapandisha sauti, ikapandisha, mpaka Bashir akaanza kusoma dua chini chini, na mmoja wa Waadventista akamuunga mkono kwa dua yake. Kisha gia ikabadilika. Taa haikupepesa. Walipofika juu Oliver aliomba wateremke wapande tena, na hakuna aliyemcheka. Walipanda tena. Ikabadilika pale pale.

Waliporudi yadini Mellen alifungua sanduku akaanza kurudisha vifaa kwenye nguzo. Koleo, msumari wa kwanza. Bisibisi. Mita akaifuta mafuta ya samaki kabla ya kuitundika. Alipofika msumari wa saba mkono wake ulikuta sanduku tupu. Spana ya kumi, iliyofungia sinia, ilikuwa kwa Oliver, ambaye alikuwa amesimama nyuma yake, tangu lini Mellen hakujua.

Hakumpa mara moja. Alikuwa anatazama kule nyuma ya kibanda chake, makaburini.

“Nyar Kuria,” akasema, “zile zilizo pale. Unafikiri zote zilikuwa zimekufa kweli?”

Mellen akaichukua spana mkononi mwake.

“Zilete kesho moja moja. Lakini kwa Priscah utapanga foleni kama watu,” akasema, akaitundika.